Picha ya zamani ya mtaa: soma kilichomo kabla ya kuamini maelezo yake

Picha za zamani za miji yetu zinazunguka sana kwenye simu siku hizi, na mara nyingi zinakuja na maneno ya mtu asiyejulikana: "Huu ndio mtaa aliopitishwa Livingstone," au "Soko la watumwa, Bagamoyo." Wengine wanaamini na kusambaza, wengine wanatuuliza kama ni kweli. Leo tunaeleza namna ya kuipima picha ya aina hiyo kwa kutazama tu vilivyomo ndani yake.

Tuchukue Mtaa wa India, ambao ni mtaa mkuu wa mji mkongwe wa Bagamoyo. Unakwenda sambamba na ufukwe, una nyumba za mawe zenye baraza na milango ya nakshi, na umepata jina lake kwa wafanyabiashara wenye asili ya India walioishi na kuuza bidhaa hapo. Mmoja wao alikuwa Sewa Haji Paroo, aliyekuwa akipatia misafara ya bara wapagazi na bidhaa. Wasikilizaji waliowahi kulaza mgonjwa Muhimbili wanalijua jina hilo kwenye jengo la Sewa Haji, ingawa wengi hawajui kwamba mwenyewe alikuwa mtu wa Bagamoyo.

Sasa ile picha ya "Livingstone". Mwili wake ulifikishwa Bagamoyo Februari 1874. Lile jengo kubwa la Boma lililoko mtaani humo lilijengwa na Wajerumani na kukamilika 1897. Basi ukiliona Boma kwenye picha, hiyo si picha ya 1874, hata kama aliyekutumia ni mwalimu wako.

Tazama pia watu na mizigo yao. Bagamoyo ilikuwa mlango wa misafara iliyoleta pembe za ndovu pwani, na Wajerumani waliifanya makao makuu yao kabla ya kuyahamishia Dar es Salaam mwaka 1891. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, na biashara ya kubeba mizigo vichwani ikafa polepole. Kwa hiyo mtaa uliojaa wapagazi na mizigo yao unaelekea kuwa wa kabla ya miaka hiyo. Angalia na paa, kama ni makuti au mabati, kisha nguzo za waya, baiskeli na magari. Nguo si ushahidi mzuri sana, maana kanzu ni kanzu hadi leo.

Kuna mambo ya kamera yenyewe yanayodanganya macho. Kamera za mwanzo zilihitaji muda wa sekunde kadhaa kunasa picha, na aliyekuwa akitembea alitoka kama moshi au hakuonekana kabisa. Mtaa unaoonekana mtupu huenda ulikuwa na watu tele. Halafu vioo vya kupigia picha vya wakati ule vilishika rangi ya bluu vizuri lakini havikuiona nyekundu. Matokeo yake anga linatoka jeupe tupu, na kitu chekundu kinatoka cheusi. Bendera ya Sultani wa Zanzibar, iliyokuwa nyekundu, inaweza kuonekana nyeusi kabisa kwenye picha, na kanga nyekundu inaonekana kama nguo ya msiba. Kuna msikilizaji aliyewahi kutuuliza kwa nini bibi zetu walipenda nyeusi namna ile!

Na zile zenye rangi? Nyingi ni kadi za posta. Picha ilipigwa huku kwetu, ikapelekwa kuchapishwa Ulaya, na huko ikapakwa rangi na mtu ambaye huenda hajawahi kuiona Bagamoyo. Rangi zake usizitegemee. Wakati mwingine kioo kiligeuzwa na picha ikatoka kinyume, kushoto kukawa kulia. Tafuta bango lenye maandishi: yakisomeka kinyumenyume, umejua. Bila bango, tafuta bahari iko upande gani.

Anayetaka kuziona nyingi bila malipo anaweza kutumia simu. Hifadhi ya nyaraka ya serikali ya Ujerumani ilitoa zaidi ya picha 80,000 kwa Wikimedia Commons mwaka 2008, zikiwemo za Walther Dobbertin, mpiga picha wa Kijerumani aliyefanya kazi Afrika Mashariki kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani nacho kina mkusanyiko wa Winterton wa picha za Afrika Mashariki za kuanzia 1860 hadi 1960.

Lakini ukizipitia picha hizo kuna jambo linaloudhi. Maelezo yanataja mji, jengo, pengine na cheo cha Mzungu aliyesimama pembeni. Mpagazi, muuza samaki, mama mwenye mtungi na watoto wa barazani hawana majina. Aliyepiga hakuwauliza, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Picha zilizoko majumbani kwetu bado zina wa kuulizwa. Ipo ile ya babu kaegemea baiskeli mbele ya duka mwaka 1962, na nyuma yake mtaa mkuu wa mji wenu wote unaonekana, na jina la duka pia. Igeuze kwanza, uone kama kuna muhuri wa studio. Mpelekee bibi au babu, mwache ataje kila uso, na umrekodi sauti kwenye simu. Ipige picha karibu na dirisha, bila flashi, pande zote mbili. Usiifute kwa maji. Ikiwa imeganda kwenye albamu ya gundi, usiibandue, ipige humo humo. Na tafadhali usiipeleke kufanyiwa laminesheni: joto na gundi vikishaingia havitoki tena.

Majina yaandike nyuma kwa penseli laini, taratibu, pembeni. Wino wa kalamu hupenya na kujitokeza upande wa mbele, mara nyingi usoni mwa mtu.