Maskati na Unguja: Upi Mji Mkubwa?

Mwezi uliopita katika barza moja hapa Qurum yalizuka mabishano ambayo kahawa na halua havikuweza kuyatuliza. Kijana wa miaka kumi na mitano, aliyekuwa ndiyo kwanza amerejea kutoka Unguja, alikokwenda kwa mara yake ya kwanza, alisema mbele ya bibi yake kwamba Unguja si mji bali ni kijiji chenye majumba ya kale. Bibi, mzaliwa wa Malindi, hakumjibu. Alikusanya vikombe akaingia ndani. Tuliobaki tuliona haya, kwani sisi watu wazima ndio tuliowaachia watoto wetu kuipima miji kwa macho, ilhali hesabu zipo.

Basi tukachukua kalamu. Sensa ya Oman ya mwaka 2020 ilihesabu watu 1,302,440 katika muhafadha, yaani mkoa, wa Maskati. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 893,169 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, Unguja. Kijana akatabasamu. Tukamwomba asubiri, kwa kuwa hatukuwa bado tumeuliza ukubwa wa ardhi. Mkoa wa Mjini Magharibi una kilomita za mraba 230 tu, na mkoa wa Maskati una zaidi ya 3,500. Kwa maneno mengine, Maskati ni mpana kuliko Unguja na Pemba zikiunganishwa. Anayetaka kulinganisha ardhi kwa ardhi ingempasa aichukue Zanzibar nzima, na huko sensa hiyo ya 2022 ilikuta watu 1,889,773. Hapo tabasamu likahamia upande wa pili wa mkeka.

Lakini hata hesabu hiyo si ya haki, na tulilazimika kukiri. Micheweni si mjini, kama ambavyo milima ya Quriyat si mjini, ingawa Quriyat imo ndani ya mkoa wa Maskati. Ukigawa watu kwa ardhi, Mjini Magharibi hupata karibu watu 3,900 kwa kilomita moja ya mraba, na Maskati hupata chini ya 400. Mtu asiyepajua hapa angedhani tunaishi jangwani. Aende Ruwi usiku wa Alkhamisi akajionee. Sehemu kubwa ya mkoa huu ni majabali yasiyokaliwa na mtu, na watu wamebanana baina ya mlima na bahari, kutoka Maskati ya kale hadi Seeb, mwendo wa zaidi ya kilomita 40.

Neno lenyewe wilaya, ambalo sisi na Waarabu tunalitumia pamoja, limetuchanganya. Huku Qurum imo katika wilaya ya Bausher, na wilaya ya Maskati ni jambo jingine kabisa. Kule, Wilaya ya Mjini ni moja tu kati ya tatu za mkoa wake. Jambo lililotushangaza kuliko yote ni hili: baina ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 mkoa mzima wa Mjini Magharibi ulipanda kutoka watu 593,678 hadi 893,169, na katika muda huo huo Wilaya ya Mjini ilishuka kutoka 223,033 hadi 219,007. Watu wamehamia pembezoni, Fuoni na kwingineko, katika wilaya za Magharibi A na Magharibi B. Mji Mkongwe alioutembelea kijana wetu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, una hekta 96 tu, haufiki kilomita moja ya mraba. Aliona chumba kimoja akadhani ameiona nyumba. Naye mgeni anayeshuka chini ya ngome za Mirani na Jalali, penye mji wa asili ambao hadi mwaka 1970 lango lake lilifungwa usiku na mtu hakutembea bila ya fanusi, angeweza kusema vivyo hivyo juu ya Maskati.

Tukamweleza kijana pia kwamba miji hii miwili iliwahi kuwa chini ya mtawala mmoja. Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja, na baada ya kufariki kwake mwaka 1856 wanawe waligawana dola. Uamuzi wa mwaka 1861 uliitaka Zanzibar iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Ni dhahiri nani alihesabiwa kuwa tajiri. Sensa ya mwaka 1958 ilikuta kiasi cha watu 58,000 katika mji wa Unguja. Oman haikufanya sensa yake ya kwanza mpaka mwaka 1993. Na sisi tulioshika chaki hatuwezi kusahau kwamba mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na skuli tatu. Wengi waliosomea Unguja ndio waliokuja kujaza madarasa na maofisi hapa miaka iliyofuata. Kijana hakuwa akilijua hilo. Kosa ni letu.

Tangu hapo Maskati imekwenda mbio: watu 775,878 mwaka 2010, na miaka kumi baadaye idadi tuliyokwisha kuitaja, ambayo zaidi ya nusu yake ni wageni waliofuata kazi.

Siku ya pili tulimpelekea bibi karatasi yetu, tukamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatwambia kwamba alipokuwa msichana alitoka Malindi kwa miguu, akapita Darajani kununua samaki, akamwona shangazi yake Vuga, na adhana ya alasiri ikamkuta nyumbani. Ndugu yake wa pekee aliye hai anakaa Seeb, katika mji huu huu, na hajamwona tangu Mfungo Mosi, kwa kuwa hapana wa kumpeleka. Mjukuu aliinamisha kichwa. Bado hajafikia umri wa leseni. Ijumaa iliyopita tulimpeleka sisi.