Amplifaya nzito au klasi D? Soma kabla hujatoa hela
Unapiga muziki machimboni Nyarugusu au Rwamgasa, Geita, kwa jenereta au sola? Amplifaya nzito haikuumizi mgongo tu, inakula na mfuko.

Zile za zamani hupoteza karibu nusu ya umeme kwa joto, ndiyo maana zina vyuma vikubwa vya kupoozea, juu ya transfoma nzito. Klasi D huwasha na kuzima umeme mara laki kadhaa kwa sekunde, hivyo joto ni dogo. Ufanisi hufika asilimia 90.

Kutoa wati 200, ya zamani hula kama wati 400. Klasi D, 220 hivi.

Angalizo: angalia wati za RMS, siyo PMPO. Na ikiungua, ya zamani fundi hubadilisha transista. Klasi D mara nyingi ni bodi nzima.