Lubumbashi: Paneli za nyumbani zinaweza kulisha gari la umeme, lakini saa sita mchana gari liko wapi?

Yaya wangu anakaa komini ya Ruashi, mjini Lubumbashi. Kila asubuhi saa kumi na mbili anatoa Toyota yake, anapeleka watoto shule, anafungua depo yake ya unga, kisha anazunguka mjini kupelekea wateja mizigo na kufuata madeni. Jioni anarudi. Kwa siku ni kilomita 40 hivi. Zamu yake ya likelemba ilipokaribia, alinipigia simu. Alitaka kuuza Toyota, anunue gari la umeme lililokwisha kutumika, awe analichaji kwa paneli za sola juu ya nyumba na kuachana kabisa na pompa ya esansi. Akaniomba nimfanyie hesabu kabla pesa haijatoka mfukoni.

Nimezifanya, na ninaziweka hapa kwa sababu si yeye peke yake anayeuliza. Paneli zimejaa juu ya mabati ya mji huu, na sababu kila mkaaji anaijua. Umeme wa Inga unafika Katanga kwa laini ya kilomita zipatazo 1.700 inayoishia Kolwezi, iliyojengwa kwa ajili ya migodi na kukamilika mwaka wa 1982. Sisi wa nyumbani tunapata kinachobaki, pamoja na delestaji. Mtu aliyekwisha kuweka paneli kwa ajili ya taa, televisheni na friji ataona ni jambo la kawaida kujiuliza kama gari nalo haliwezi kula kwenye sahani hiyohiyo.

Tuanze na gari. Gari dogo la umeme, kama Nissan Leaf ya kizazi cha kwanza, linatumia takriban kilowati-saa 16 kwa kilomita 100. Kwa kilomita 40 za yaya ni kilowati-saa 6 na nusu. Ukiongeza umeme unaopotea wakati wa kuchaji, weka 7 na nusu. Toyota yake inakunywa kama lita 8 kwa kilomita 100, maana yake lita 3 na kidogo kwa siku, au lita 80 kwa mwezi wa siku 25 za kazi. Zidisha mwenyewe kwa bei iliyoandikwa leo kwenye pompa ya mtaa wako, utaelewa kwa nini hakulala usiku ule.

Upande wa jua, Lubumbashi haina sababu ya kulia. Kilowati moja ya paneli inatoa hapa, kwa wastani, kilowati-saa 4 hadi 5 kwa siku. Paneli 8 za wati 550 ni kilowati 4,4. Zinachukua mita za mraba zipatazo 21, ambazo mabati ya nyumba ya kawaida yanazo, na siku nzuri zinatoa kilowati-saa 17 hadi 20. Gari linachukua chini ya nusu, zinazobaki ni za friji na pasi. Sharti ni paneli zitazame kaskazini, kwa maana sisi tuko kusini ya ikweta, na ziinuke kidogo. Nimepita Kamalondo na Kenya nikitazama juu kama mtu aliyepoteza njiwa: nyingi zinatazama popote bati lilipoelekea. Halafu kuna vumbi jekundu la kiangazi na moshi wa nyasi zinazochomwa. Paneli isiyooshwa kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa inafanya kazi kama mfanyakazi asiyelipwa.

Hadi hapo yaya alikuwa anacheka kwenye simu. Nikamuuliza: saa sita mchana, jua likiwa kali, gari lako liko wapi?

Kimya.

Hapo ndipo penye shida yenyewe, na wauzaji wa paneli niliowasikiliza hawaigusi. Paneli za nyumbani zinatoa umeme mwingi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Gari la mtu anayefanya kazi linarudi nyumbani jua limekwisha kuzama. Dawa inayotajwa haraka ni batri kubwa ukutani, ili umeme wa mchana ulale humo na usiku uhamie kwenye gari. Inawezekana. Lakini batri ya lithiamu ya kilowati-saa 5, ambayo familia nyingi zinaikusanyia pesa miezi mingi, haitoshi hata kwa safari za siku moja za yaya, na hapo nyumba haijawasha taa. Angehitaji mbili au tatu. Tena umeme unaopita batri moja kwenda batri nyingine unapungua njiani mara mbili. Kwa mfuko wa likelemba, mimi sishauri.

Jambo la pili ni dogo kwa kuliangalia, lakini linaharibu siku. Gari la umeme halikubali kuchajiwa kwa umeme wowote ule. Chini ya ampea 6, yaani kama kilowati 1,4, linasimama. Mwezi wa kwanza, wingu zito likikaa juu ya mji, paneli zote 8 zinaweza kushuka chini ya hapo, na gari linakatika na kuanza tena kila wingu linapopita. Kwenye prizi ya kawaida linavuta ampea 10, ambazo ni kilowati 2,3, kwa saa nyingi mfululizo. Konvertisa ya kilowati 3 inayobeba mzigo huo haina nafasi ya pasi. Na waya mwembamba wa kurefusha, ule wa kuunganisha redio uani, utayeyuka. Prizi ya gari iwe na waya wake mnene kutoka kwenye kofre.

Kisha kuna udongo. Gari linapochomekwa, kifaa chake cha kuchajia kinapima kwanza kama nyumba ina waya unaoingia ardhini, ule mafundi wetu wanaouita mise à la terre. Kisipouona, mara nyingi kinakataa. Nyumba ngapi za Ruashi zina fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini? Fundi umeme aliyenisaidia na hesabu hizi alinionyesha pia kwamba konvertisa nyingi zisizounganishwa na SNEL zinaacha waya wa nyutro ukielea, kwa hiyo hata mwenye fimbo anaweza kukataliwa na gari lake mpaka fundi anayejua kazi aunganishe vizuri. Dereva atafikiri gari limekufa, kumbe ni ukuta.

Kuhusu gari lenyewe nitasema machache. Leaf za zamani hazina maji ya kupoza batri, na joto linazizeesha. Ziliposafirishwa mpya, zilionyesha mistari 12 ya afya ya batri kwenye dashibodi. Anayekuuzia yenye 8 anakuuzia safari fupi. Ile iliyotoka kiwandani na kilowati-saa 24, ikiwa imebaki na 16, bado ina kilomita 100, ambazo kwa yaya ni siku mbili bila jua. Na tusisahau kichekesho chetu: zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia inachimbwa nchini mwetu, hasa Lualaba na Haut-Katanga, inapita Kasumbalesa ndani ya magunia juu ya makamyo, na sisi tunaingoja irudi ndani ya gari la mtu wa pili. Magari mengine mapya, ya batri za chuma na fosfati, hayana hata kobalti hiyo.

Nilimpa yaya kazi moja tu: kwa wiki mbili aandike kwenye daftari la mtoto gari linasimama wapi na kwa saa ngapi. Alilalamika, akaandika. Kumbe siku nyingi, kuanzia saa nne hadi saa nane, Toyota inasimama mbele ya depo, kwa sababu huo ndio wakati wateja wanakuja kununua. Saa nne kwa kilowati 2,3 ni kilowati-saa 9 na kidogo. Kilomita 40 zake zimo, na zaidi, bila batri ya ukutani.

Kwa hiyo paneli zake hazitakiwi Ruashi juu ya nyumba. Zinatakiwa juu ya bati la depo. Depo ni ya kupanga. Mwenye nyumba ameombwa ruhusa ya kupandisha paneli 8 na kuzika fimbo ya shaba uani, akajibu kwamba kwanza wazungumze kuhusu kodi. Wamepanga kuonana Jumamosi, na Toyota bado haijauzwa.