Baiskeli Yako Lavi Isibaki Fremu Pekee! Hivi Ndivyo Utalinda Spea Zako

Umefunga baiskeli fiti kwa fensi ya duka flani pale James Gichuru Road. Kufuli ni nzito, cheni ni nene. Unatoka dakika kumi baadaye unapata fremu iko, kufuli iko, lakini tairi ya mbele imehepa na kiti kimeenda nayo. Hakuna kitu kimevunjwa na hakuna msee alisikia kelele.

Manze, hiyo ndio noma ya baiskeli kwa city. Wengi wetu tukinunua kufuli tunafikiria fremu tu. Gondi naye anafikiria kile kitu kinatoka haraka, kinaingia kwa gunia na kinauzika bila maswali.

Mbona achukue tairi, asichukue baiskeli mzima?

Sababu ya kwanza ni namba. Pindua baiskeli yako ucheki chini, pale pedeli zinazungukia. Baiskeli nyingi zina namba imegongwa hapo kwa chuma. Hiyo ndio kitambulisho ya fremu. Rim, kiti na pedeli kawaida hazina kitu kama hicho. Tairi ikishatoka kwako, inafanana na zingine zote mtaani.

Sababu ya pili ni kale kamkono ka kufungua tairi bila spana, ile mafundi wanaita kwiki rilisi. Iliundwa karibu mwaka wa 1930 na Tullio Campagnolo, Muitaliano aliyekuwa anashindana kwa baiskeli, ndio washindani wabadilishe tairi mbio mbio. Kwa mashindano ni kitu safi. Kwa Gitanga Road ni zawadi kwa gondi. Mountain bike na racer nyingi za mtumba hukuja nayo mbele, nyuma na hata kwa kiti. Black Mamba ya guka haina hii shida: tairi imeshikwa na nati, na bila spana huendi na kitu.

Na usidhani hii ni stori ya matajiri na baiskeli zao za weekend. Kila asubuhi kuna masoja, mafundi na watu wa kazi za nyumba wanatoka Kawangware na Kangemi kuingia Lavi, na kuna wenye wanakuja na baiskeli ndio wasave fare. Kuna pia mayut wanapeleka oda za chakula Kile na Kilimani wakikanyaga. Msee kama huyo akipoteza tairi moja, amepoteza kazi ya siku hiyo na pesa ya siku zingine kadhaa.

Sasa tufanye aje?

1. Toa kwiki rilisi

Enda kwa fundi umwambie akuwekee ekseli za kufungwa na alenki, mbele na nyuma. Kwa kiti, badilisha ile klampu ya kamkono uweke ya bolti. Bado msee mwenye ako na alenki anaweza fungua, lakini yule wa kupita tu na mikono mitupu umemfungia mlango. Ukiwa na doo zaidi, kuna ekseli zinakuja na funguo yake spesheli. Hizo ndizo tamu zaidi, lakini usipoteze hiyo funguo, ju siku ya panchari utalia.

2. Ziba tundu za bolti na gololi

Hii ni ya watu wamesota na inafanya kazi. Omba fundi gololi za beringi ya zamani. Gololi ya inchi 3/16 inaingia vizuri kwa tundu la alenki ya milimita 5. Iweke ndani, alafu dondosha nta ya mshumaa ama supaglu juu. Alenki haiwezi ingia tena. Ukitaka kufungua, nta unaitoa na pini, na supaglu unailainisha na asetoni, ile dawa ya kutoa rangi ya kucha. Fanya hivi kwa kiti na usukani. Ekseli ya tairi iache wazi kama unapatanga panchari kila wiki.

3. Cheni ya zamani kwa kiti

Fundi akikubadilishia cheni, usiwache ile mzee kwake. Kata kipande, kiingize ndani ya tyubu kuukuu ndio kisikwaruze rangi, alafu kipitishwe kwa vyuma vya chini ya kiti na kwa fremu. Fundi anaunganisha na kifaa cha cheni. Hapo mtu anahitaji chombo na muda, na muda ndio kitu gondi hana.

4. Funga kwa akili

Ukiwa na kufuli moja ya U, ipitishe kwa rim ya nyuma, ndani ya ile pembetatu ya fremu, alafu kwa mlingoti. Tairi ya nyuma ndio ghali, ju iko na gia. Na rim ikiwa imeshikwa hapo ndani, fremu nayo haiendi. Tairi ya mbele ifunge na kebo. Huna kebo? Itoe uiweke kando ya ile ya nyuma, kufuli ishike zote mbili.

Cheki pia unafunga kwa nini. Waya ya fensi inakatwa na koleo. Mlingoti mfupi wa kibao, baiskeli inainuliwa tu ipite juu. Utingishe kwanza, ukisonga, tafuta mwingine.

5. Ongea na soja

Hapa Lavi kila geti iko na soja. Msalimie, mwambie, "Mkubwa, naacha baiskeli hapa nusu saa, nisaidie kuangalia." Soja mwenye anajua sura yako atauliza swali msee mwingine akianza kufungua tairi. Ukitoka, mwachie ya chai. Taa, pampu na chupa usimwachie, enda nazo. Na ukirudi kwa ploti, funga hata kama ni besmenti ya apartment. Ukiishi bedsitter, ingia na baiskeli yako ndani.

6. Weka ushahidi kabla ya shida

Piga baiskeli picha leo: yote, namba ya fremu, na alama zozote kwa rim na kiti. Kwaruza herufi zako mahali pamejificha. Weka risiti. Ikiibiwa, enda ripoti upewe namba ya OB. Kwa wasee wa Lavi, Muthangari Police Station iko karibu. Kuripoti ni bure. Tuma picha pia kwa mafundi unaowajua na kwa magrupu za wasee wa baiskeli kama Critical Mass Nairobi.

Na usinunue ya kuibiwa

Ukiletewa rim kali kwa bei ya kutupa na muuzaji hataki kusema ilitoka wapi, jua kuna msee anatembea kwa miguu. Tena sheria ni kali kwako kuliko unavyodhani. Kwa Penal Code ya Kenya, wizi wa kawaida ni hadi miaka 3 jela. Kushika mali ya wizi ukijua, chini ya kifungu cha 322, ni hadi miaka 14!

Ukikuta mtu na spea yako, usipige nduru ya mwizi. Nairobi tunajua vile hiyo huisha: mawe, tairi la gari na petroli, na pengine kijana mwenyewe aliuziwa tu. Chukua picha zako, ita karao.

Mtihani wa leo ni rahisi. Ukifika keja, jaribu kutoa kiti na tairi ya mbele na mikono mitupu. Zikitoka, kesho asubuhi pitia kwa fundi kabla ya kuingia Lavi.