Kwa Nini Mwuguzi Hamalizi Kusoma

Mtu akitoka mjini Songea kwa njia ya magharibi, akasafiri kama kilometa 25, hufika Peramiho, mahali walipojenga watawa wa Mtakatifu Benedikto mwaka wa 1898. Hapo pana kanisa kubwa, hospitali, na chuo cha kufundishia wauguzi. Vijana wakishinda mtihani wao hutoka chuoni na vyeti mkononi. Wengine huajiriwa mjini, wengine hupelekwa katika zahanati za Namtumbo na Tunduru, na wengine hushuka mpaka Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa. Siku ya kupewa cheti ni siku ya furaha. Wazazi huchinja kuku, na majirani husema, “Huyu amekwisha maliza kusoma.”

Maneno hayo ya majirani ni ya upendo, lakini si ya kweli. Mwuguzi aliyemaliza kusoma ni mtu wa hatari, hata akiwa na moyo mwema; na sababu yake yaonekana wazi katika habari ya homa ya malaria.

Fikiri habari ya mwuguzi aliyepata cheti chake mwaka wa 1995. Walimu wake walimfundisha kwamba mgonjwa wa malaria apewe klorokwini kwa siku tatu. Walimfundisha vema, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa dawa ya nchi nzima wakati huo. Vidonge vile vilikuwa vichungu sana, na watu wengi waliwashwa mwili mzima baada ya kuvimeza. Hata hivyo walivijua na kuvitumaini. Mwuguzi akavigawa mwaka baada ya mwaka, na watu wakamshukuru.

Lakini ndani ya damu za watu jambo lilikuwa likitendeka ambalo jicho haliwezi kuliona. Malaria huletwa na vijidudu vidogo mno, ambavyo mbu jike aitwaye anofelesi huvichukua kutoka kwa mtu mmoja na kuvitia katika mwili wa mwingine. Katika damu ya mgonjwa mmoja vijidudu hivyo huwa ni vingi kupita hesabu. Dawa ikiingia huviua vilivyo vingi. Lakini kama vimo vichache ambavyo kwa umbo lake havidhuriki na dawa ile, hivyo husalia. Hivyo vilivyosalia huzaana, na mbu huvieneza. Basi kadiri dawa inavyotumiwa, ndivyo vile dhaifu vinavyopungua na vile sugu vinavyozidi, mpaka siku moja mtoto hupewa dawa ile ile iliyomponya kaka yake, naye haponi.

Kwa ajili hiyo, mwaka wa 2001 Serikali ya Tanzania iliiacha klorokwini, ikaweka mahali pake dawa iitwayo SP, ambayo mtu mzima humeza vidonge vitatu kwa mara moja, basi. Wengi waliipenda kwa wepesi wake. Nayo haikudumu. Kabla ya miaka kumi kupita vijidudu vilikuwa vimekwisha kuizoea, na mwisho wa mwaka wa 2006 ikaanza kutolewa dawa mseto, yaani ALu, ambayo ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Moja ya hizo mbili asili yake ni mmea wa Uchina. Bibi mmoja mtaalamu wa huko, jina lake Tu Youyou, ndiye aliyeongoza kazi ya kuipata dawa iliyomo ndani yake, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Dawa mseto humezwa mara sita katika siku tatu. Mara ya pili ni baada ya saa nane tangu ile ya kwanza, na ni vizuri mgonjwa awe amekula chakula chenye mafuta au amekunywa maziwa, ili dawa ipokelewe vema mwilini.

Tazama sasa jinsi mwuguzi yule wa 1995 alivyopatikana. Katika muda wa miaka kumi na moja, alilofundishwa chuoni lilibadilika mara mbili. Kama angaliweka cheti chake katika kioo ukutani na kufunga madaftari yake, angaliendelea kutoa klorokwini kwa imani yote, na watoto wangalikufa mikononi mwake bila yeye kujua sababu. Ile talanta iliyofukiwa ardhini haikumdhuru mwingine ila mwenyewe mtumwa mvivu. Elimu ya uuguzi ikifukiwa huwadhuru wasio na hatia.

Tena si kila la zamani hutupwa. Ile SP iliyoachwa kwa wagonjwa wa homa haikuondolewa kabisa. Mpaka leo mama mjamzito huipewa kliniki, tangu mwezi wa nne wa mimba, ili malaria isimshike yeye wala mtoto aliye tumboni. Basi dawa moja kwa mtu mmoja ni kosa, na kwa mwingine ni wajibu. Mambo ya namna hii hayakisiwi kwa akili tu. Sharti mtu afundishwe.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa kuacha desturi. Zamani mtoto mwenye homa aliletwa, akaguswa paji la uso, akapewa dawa ya malaria, akarudishwa nyumbani. Mwaka wa 2010 Shirika la Afya la Dunia lilishauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Kuna kipimo kidogo ambacho hata zahanati isiyo na umeme yaweza kukitumia: mgonjwa huchomwa kidole, tone la damu hutiwa katika kipimo pamoja na maji yake, na baada ya kama robo saa mistari huonyesha kama malaria imo au haimo. Mama aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni haridhiki akiambiwa kwamba malaria haimo. Husema, “Mbona mwili unamchoma?” Hapo mwuguzi sharti awe na ujuzi wa pili: ahesabu pumzi za mtoto, atazame kama kifua kinabonyea ndani, maana kichomi nacho huleta homa, na dawa ya malaria haitibu kichomi. Mtoto wa kichomi akirudishwa nyumbani na dawa mseto peke yake, aweza kufa.

Hata hesabu za darasani zimo katika kazi hii. Mgonjwa aliyezidiwa na malaria siku hizi huchomwa sindano ya atesuneti, iliyochukua mahali pa kwinini. Mtoto asiyefika kilo 20 hupimiwa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake. Basi mtoto wa kilo 10 hupewa miligramu 30, yaani nusu ya chupa yenye miligramu 60. Lakini kabla ya mwaka wa 2015 kipimo kilichoshauriwa kilikuwa miligramu 2.4 kwa kilo, na mtoto yule yule angalipewa 24. Dawa ni ile ile, sindano ni ile ile, ila hesabu imebadilika.

Kuna na elimu ambayo haibadiliki, bali husahaulika. Watoto wengine huzaliwa wasipumue. Mkunga hana muda wa kufungua kitabu. Katika dakika ile ya kwanza sharti amkaushe mtoto, amsugue mgongo, na kama bado hapumui, amwekee kinyago usoni na kumsukumia hewa kwa mfuko wa mpira. Mwaka wa 2010 wakunga wa hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, walifundishwa kazi hiyo kwa siku moja, wakitumia mwanasesere aliyefanywa kama mtoto mchanga. Mbele ya mwanasesere walifanya vizuri. Lakini walipochunguzwa katika chumba cha kuzalia, matendo yao hayakuwa yamebadilika. Ndipo ulipowekwa utaratibu mwingine: kila juma mazoezi ya dakika chache tu, palepale kazini. Baada ya hayo watoto waliokufa katika siku ya kwanza walipungua, kutoka 11 hivi katika kila 1,000 waliozaliwa hadi 7 hivi. Mpiga ngoma hujua jambo hili bila kuambiwa na hospitali, kwamba mkono usiozoezwa husahau.

Siku hizi kuendelea kujifunza si hiari ya mtu. Iko Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka wa 2010, na Baraza linalosimamia kazi hiyo hutaka mwuguzi anayeomba leseni yake ifanywe upya aonyeshe kwamba ameongeza elimu yake. Ni sheria njema, ingawa kuitimiza si kazi nyepesi. Zahanati ya mbali yaweza kuwa na mwuguzi mmoja tu; akienda mjini kwa mafunzo ya siku tano, nani atampokea mama atakayeshikwa na uchungu usiku? Tena wako wanaokwenda kwa ajili ya posho, wakakaa nyuma, wakarudi na kalamu mpya na daftari jeupe. Lililo bora ni yule aliyefundishwa arudi awafundishe wenzake, na mazoezi yafanyike mahali pa kazi, kama walivyofanya wa Haydom.

Wala safari haijafika mwisho. Katika mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi ya nchi, wataalamu wamekwisha kuona vijidudu vya malaria vinavyochelewa kufa kwa ile dawa yenye asili ya Uchina. Wanavichungulia kwa uangalifu, wapate kujua vinaenea kwa upesi gani. Ikiwa dawa itabadilishwa tena, maagizo yatatoka Wizarani Dodoma, yatapita Iringa na Njombe, yatafika Songea, na kutoka hapo yatasambazwa mpaka Tunduru na vijiji vya Ziwa Nyasa. Na mwuguzi yule wa 1995, ambaye sasa nywele zake zimeanza kuwa na mvi, ataketi tena na kalamu yake, aandike jina la dawa asiyoijua bado.