Mbaazi ndani ya mahindi: nani hasa anarutubisha shamba lililochoka?

Mkulima akisema shamba lake limechoka, dalili ziko wazi. Majani ya chini ya mahindi yanageuka manjano kuanzia nchani yakifuata uti wa kati, kwa kukosa naitrojeni. Mengine yanapiga rangi ya zambarau, hasa mche ukiwa mdogo, kwa kukosa fosforasi. Ndiyo matokeo ya kupanda mahindi matupu miaka nenda rudi, mabua yakiishia kwa ng'ombe au motoni. Kila gunia linalotoka shambani limebeba virutubisho, na hakuna anayevirudisha.

Ushauri unaotolewa ni kuchanganya mahindi na mikunde. Ni ushauri mzuri, lakini mara nyingi unatolewa nusu. Huko Babati, Karatu na Kondoa wakulima wamezoea kuweka mbaazi kati ya mistari ya mahindi, na mchanganyiko huo una akili ndani yake. Mbaazi hukua taratibu miezi ya mwanzo, kwa hiyo haigombanii mwanga na mahindi. Mahindi yakishavunwa, mbaazi ndiyo kwanza inatanuka, ikinywa unyevu wa chini kabisa ambao mizizi ya mahindi haikuufikia.

Hata hivyo mbaazi peke yake haitengenezi naitrojeni. Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ilivyo. Wanaoibadilisha ni bakteria wa udongo waitwao rizobia. Hupenya kwenye vinyweleo vya mizizi, na mmea ukawajengea vinundu vya kukaa. Mmea unawalisha sukari, wao wanaulipa naitrojeni. Kuwakagua hakuhitaji maabara. Mmea ukikaribia kutoa maua, uchimbe kwa koleo pamoja na udongo wake, usiung'oe, maana vinundu vitakatika na kubaki ardhini. Suuza mizizi, kisha pasua kinundu kwa kucha. Ndani pakiwa pekundu au pinki, bakteria wako kazini. Pakiwa peupe au kijani, mmea unalisha wageni wasiofanya kazi.

Hapo ndipo mikunde inapotofautiana. Mbaazi, kunde, choroko na karanga kwa kawaida huwapata bakteria wanaozifaa katika udongo wetu wenyewe. Soya ilitoka Asia, na aina nyingi zake zinahitaji bakteria ambao huenda hawamo shambani kwako. Kwa sababu hiyo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilitengeneza Nitrosua, na Kenya ikawa na Biofix: unga wenye bakteria hai wa kupakwa kwenye mbegu. Neno "hai" lichukuliwe kwa uzito. Unga ukianikwa juani, ukichanganywa na mbolea ya chumvichumvi au ukikaa dukani hadi muda wake ukapita, bakteria hufa na mkulima anapanda vumbi. Mbegu ichanganywe kivulini, ipandwe siku hiyohiyo. Na maharage, ambayo ndiyo wengi wetu huyachanganya na mahindi, hunasa naitrojeni kidogo tu. Tena huvunwa kwa kung'olewa na kupurwa nyumbani, kwa hiyo hata hicho kidogo hakibaki chote shambani. Yanatulisha, lakini tusiyatwike kazi ya kuponya ardhi.

Bakteria nao wana mahitaji yao. Bila fosforasi vinundu huwa vichache na dhaifu. Mizizi ya mbaazi hutoa asidi inayofungua fosforasi iliyoshikwa na madini ya chuma, na kuvu wanaoishi kwenye mizizi hueneza nyuzi zao kuitafuta mbali zaidi ya mizizi yenyewe. Kuvu hao huharibiwa na kulimalima ovyo. Lakini wote hao hufungua kilichomo; pasipo kitu hawana cha kufungua. Kwenye udongo uliokwisha rutuba kabisa, samadi au fosfeti ya Minjingu, inayochimbwa Manyara, mkoa uleule wa Babati, itahitajika. Urea nyingi, kinyume chake, huwavunja nguvu bakteria: mmea ukishapata naitrojeni ya mbolea, hauna haja ya kujenga vinundu.

Jambo linalowakatisha tamaa wengi ni muda. Msimu uleule mahindi hupata naitrojeni kidogo sana kutoka kwa mbaazi jirani. Faida kubwa huja majani yanapodondoka na mizizi kuoza, yaani msimu unaofuata. Mifugo ikiachiwa shamba baada ya mavuno, faida hiyo inahamia zizini, na isiporudishwa kama samadi imepotea.

Kuna pia suala la soko, ambalo wataalamu wa udongo hulipita haraka. Mwaka 2017 India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini humo, na bei kwa wakulima wa Tanzania ikaporomoka. Mkulima aliyeacha mbaazi baada ya hapo hakuwa mjinga. Alikuwa na ada ya kulipa. Serikali ikitaka ardhi ipone, ihangaikie soko la mbaazi kama inavyohangaikia ruzuku ya mbolea.

Nawe mkulima, usiihukumu mbaazi kwa mahindi ya mwaka uleule. Tenga kipande kidogo cha mbaazi, acha majani yake yaozee hapo, zuia mifugo, kisha msimu unaofuata panda mahindi hapohapo na ulinganishe mavuno na kipande cha jirani kisichokuwa na mbaazi.