Kilomita 180 kwa Baiskeli ya Mtumba

Triathloni ya masafa kamili ina hesabu isiyobadilika: kuogelea km 3.8, kuendesha baiskeli km 180, kisha kukimbia km 42.2, na kwenye mashindano ya Ironman, kwa kawaida, yote hayo yamalizike ndani ya saa 17. Umbali huo wa baiskeli haupishani sana na safari ya kutoka Kilwa Masoko, kupitia Nangurukuru, hadi Lindi mjini. Aliyewahi kukaa kwenye basi katika njia hiyo anajua ni mwendo wa namna gani. Kuumaliza juu ya kiti cha baiskeli, kisha ushuke ukimbie marathoni, ni kazi inayowafanya wengi waamini kwamba bila baiskeli ya mamilioni haiwezekani.

Inawezekana. Baiskeli zilizoundwa mahsusi kwa mchezo huu huuzwa ughaibuni hata kwa zaidi ya dola 10,000, na ubora wake haupingiki. Ila sehemu kubwa ya kasi inayouzwa kwa bei hiyo hupatikana kwenye baiskeli ya mbio ya mtumba, mradi mnunuzi ajue pesa yake kidogo ianzie wapi.

Ianzie kwenye mwili. Katika barabara tambarare, anayekwenda km 30 kwa saa hapambani na uzito, anapambana na hewa. Nguvu ya kuipasua hewa hupanda haraka kuliko kasi yenyewe: kasi ikiwa mara mbili, nguvu inayotakiwa huwa mara nane. Na kinachogongana zaidi na hewa hiyo si baiskeli, ni kifua, mabega na kichwa cha aliyeipanda. Kwa hesabu ya kawaida, mtu ambaye yeye na baiskeli yake wana kilo 80, akikaa wima kwa kasi hiyo, anahitaji takriban wati 170. Akiinama, mgongo ukalala na viwiko vikakaribiana, kasi ileile humgharimu wati 140 hivi. Akiamua kuendelea na wati zake 170, atazidi kidogo km 32 kwa saa, na zile km 180 zilizokuwa zimchukue saa sita zitaisha kwa takriban saa tano na nusu. Sasa apewe baiskeli iliyo nyepesi kwa kilo mbili, akae wima vilevile: kwenye tambarare ataokoa chini ya wati moja.

Ulimwengu wa baiskeli uliliona hilo waziwazi tarehe 23 Julai 1989. Greg LeMond wa Marekani aliingia siku ya mwisho ya Tour de France akiwa nyuma ya Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 50, na kilichobaki kilikuwa km 24.5 tu, kutoka Versailles hadi Paris. LeMond alikuwa amefunga mbele ya usukani mikono ya kulazia viwiko, kifaa kilichokuwa kikitumiwa na wanatriathloni. Fignon hakuwa nacho. LeMond akashinda Tour nzima kwa sekunde 8.

Mikono ya namna hiyo leo hufungwa kwa bolti chache juu ya usukani wa kawaida, na hakuna kifaa kingine cha baiskeli kinacholipa kiasi hicho kwa bei yake. Kabla ya kuinunua, chukua kipimo cha usukani pale katikati, unapobanwa. Mingi ya siku hizi hutengenezwa kwa usukani wa kipenyo cha mm 31.8, ilhali baiskeli nyingi za zamani zina mm 26. Tofauti hiyo huhitaji pete ya kuziba nafasi. Asiyeijua huishia kukaza bolti mpaka zinakatika.

Kisha kiti. LeMond na aliyewahi kuwa kocha wake, Cyrille Guimard, walieneza kanuni ambayo fundi yeyote anaweza kuitumia kwa futi ya fundi cherehani. Mwendeshaji asimame peku, mgongo ukutani, abane kitabu chembamba katikati ya mapaja kikiwa juu kabisa, kisha apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Kipimo hicho kizidishwe kwa 0.883. Mwenye sm 82 atapata sm 72.4, nao ndio umbali wa kutoka katikati ya ekseli ya kati ya fremu, ile inayoshika mikono ya pedali, hadi juu ya kiti. Mikono ya mbele ikishafungwa, kiti kisogezwe mbele kidogo na kupandishwa kidogo, la sivyo magoti yatagonga tumbo kila mzunguko. Nguzo ya kiti iliyopinda kurudi nyuma inaweza kugeuzwa ielekee mbele, bila gharama yoyote.

Kwenye fremu, ushauri ni mfupi: chukua alumini au chuma, na iwe ya saizi yako. Fremu ya kaboni ya mtumba inaweza kuwa na ufa chini ya rangi, na safari yake kutoka Ulaya au Japani hakuna aliyeishuhudia. Fremu kubwa kupita kiasi haitibiki kwa mkono wowote wa mbele, hata ikiuzwa bei ya kutupa. Kazi ya kufufua vyuma vya zamani si ya kuonewa haya. Huko Kikuyu, nje ya Nairobi, David Kinjah na kundi lake la Safari Simbaz wamekuwa wakiwafundisha vijana kukarabati baiskeli sambamba na kuziendesha. Mmoja wa waliopita mikononi mwake, Chris Froome, alikuja kushinda Tour de France mara nne.

Matairi yapewe nafasi ya pili kwenye bajeti. Kwa mzigo na kasi tulizokwisha kutaja, jozi ya matairi magumu ya bei rahisi inaweza kula zaidi ya wati 20 kuliko jozi ya matairi laini yaliyofumwa vizuri. Hapa ndipo wengi wa pwani hii hunasa. Tairi la baiskeli ya Phoenix huandikwa inchi 28, na baadhi ya matairi ya baiskeli za mbio pia huandikwa 28, lakini hayaingiliani: rimu ya Phoenix ina kipenyo cha mm 635, ile ya mbio mm 622. Soma ile namba ndogo ya ubavuni, yenye kistari katikati. Tundu la rimu ya mbio nalo ni jembamba, halipitishi mdomo wa tyubu ya kawaida, na kulitoboa liwe kubwa hudhoofisha rimu. Njia salama ni kuagiza tyubu zake mapema kutoka Dar es Salaam, mbili zibaki za akiba, pamoja na kile kichwa kidogo cha shaba kinachowezesha pampu ya kawaida kujaza upepo.

Halafu chumvi. Ukanda wenye mashamba ya chumvi kama yale ya Lindi na Kilwa hauna huruma kwa vyuma. Nguzo ya alumini ndani ya fremu ya chuma, isipopakwa grisi, hushikamana mpaka isitoke tena. Kila baada ya safari baiskeli ioshwe kwa maji baridi, ikaushwe, cheni ifutwe na kutiwa mafuta. Cheni yenyewe hupimwa kwa rula: pingili 24 za cheni mpya zina mm 304.8, na zikifika mm 306.5 ibadilishwe kabla haijaila meno ya gia. Cheni moja ni nafuu kuliko seti nzima.

Upepo wa kusi, unaotawala katikati ya mwaka, humpiga usoni anayekwenda Lindi kutoka Kilwa. Mazoezi ya miezi hiyo yaanze alfajiri, kabla upepo haujakaza. Rimu za kaboni zenye ubavu mpana ziachwe: upepo wa ubavuni, pamoja na basi linalopita kwa kasi, unaweza kumtupa mtu nje ya lami. Pesa hiyo inunue vishikio vya chupa, kwa kuwa joto la huku hudai kati ya nusu lita na lita nzima ya maji kwa saa, yenye chumvi kidogo. Tende na ndizi hutosha kuwa chakula cha njiani. Korosho, pamoja na mapenzi yote, zisubiri mwisho wa safari, maana mafuta yake hukaa tumboni muda mrefu.

Anayetaka kujipima kabla ya masafa kamili anaweza kuanza na nusu yake, km 1.9, 90 na 21.1. Ironman ya nusu ilifika Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, mwaka 2022. Popote utakapokwenda, kanuni zinadai breki zinazofanya kazi, kofia ngumu iliyofungwa kamba, na vizibo kwenye ncha zote za usukani. Baiskeli nyingi za mtumba hufika bila vizibo hivyo. Vitafute mapema, ni vya bei ndogo, na bila hivyo unaweza kuzuiwa kuondoka.